Uko Tu Wapi?

Huku kwetu Nchelenge, mutu akikuuliza, "Uko namna gani?" unajibu, "Niko tu," na kila mutu anaendelea na njia yake. Tangu bwana wangu afe nilijibu hivyo kila siku, na hakuna aliyesimama.

Asubuhi sikuona sababu ya kuamka. Kliniki waliniuliza kwa Kibemba, lugha ya huku, ninaumwa wapi. Nikaonyesha kichwa, wakanipa dawa ya malaria. Kumbe roho ndiyo iliuma, lakini roho mutu anaionyesha kwa kidole gani? Basi nikajitafutia dawa yangu: lutuku, ile pombe kali wanayopika nyumbani. Niliinywa kwenye kikombe cha chai, miye bibi wa wajukuu, mama wa kwaya, ili majirani waseme muzee anapenda chai. Eti chai!

Aliyeniuzia ni jirani yangu, mama aliyevuka ziwa kutoka Kongo kama miye. Aliniita yaya, dada mukubwa. Asubuhi moja nikamupelekea chupa, akanisalimia, nikajibu, "Niko tu."

"Uko tu wapi?"

Nikafikiri ananitania. "Jaza chupa, mama."

"Sijazi. Ninakuuliza, yaya, uko tu wapi? Miye sikuoni. Ninaona chupa inakuja, chupa inarudi."

Nilimutukana! Nikamwambia asinifanye mutoto, nilikuwa nimekwisha kuzaa yeye hajaota meno. Halafu akanionyesha chisense, samaki wadogo aliokuwa ameanika kwenye muchanga.

"Ukimaliza kutukana, kaa hapo unifukuzie kuku."

Nikakaa kwa hasira. Akaniletea uji, akakaa karibu yangu, akaniuliza bwana wangu alikuwa mutu wa namna gani. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nililia mpaka kuku wakajilia samaki walivyotaka.

Sikuacha pombe siku ile, nisiwadanganye. Nilinunua kwa wengine, nikaanguka njiani, yeye akaja kuniogesha bila kunisema. Lakini kila asubuhi aliniita kwenye chisense, na polepole nikaanza kuamka kabla hajaniita. Lutuku yenyewe aliacha kuipika, akabaki na samaki tu. Kama leo ninapumua, ni Mungu na yule mama, na Mungu hatakasirika nikiwataja pamoja.

Juzi nilipita kwake na beseni ya samaki wabichi, ninakwenda kuwauza sokoni. Hakuwa ameanika kitu. Nilimukuta amekaa ndani, hajafungua hata dirisha.

"Uko namna gani, mama?"

"Niko tu, yaya."

Nikatua beseni. "Uko tu wapi?"

Akacheka kidogo, kisha akafunika uso kwa kitenge, akalia. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake. Samaki kama wataoza, waoze.