Kanda ya Dada Besi

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne. Hapana, si themanini na nne. Mwaka huo fundi magodoro alikuwa bado anashonea barazani, na chumba cha uani kilijaa magunia ya sufi mpaka darini. Basi ni themanini na tano. Au sita. Tuseme tano, yaishe, maana ndio mwaka binti yake alipomaliza shule, na ndio mwaka Mitambo alipokuja kupanga kile chumba cha uani.

Huyo Mitambo alikuwa fundi wa redio na spika, kijana mrefu, mwenye kuinama hata pasipo na mlango. Alitaka mahali pa kurekodia nyimbo. Akazunguka chumbani akipiga makofi, akitega sikio, akipiga tena, mpaka mke wa fundi akamchungulia dirishani.

"Baba Besi, huyu mpangaji wako ni mzima kweli?"

"Anasikiliza ukuta, mama."

"Na ukuta unasemaje?"

Ukuta, kwa maelezo ya Mitambo, ulikuwa na mdomo sana. Ulirudisha kila ulichoambiwa. Ukitaka kuunyamazisha, uvishe. Basi fundi akakaa na shazia lake, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, akashona magodoro membamba kumi na mawili, wakayapigilia ukutani, darini, na nyuma ya mlango. Walipomaliza, fundi aliingia ndani, mlango ukafungwa, akasema neno moja, na neno likafia mdomoni mwake. Mkewe akamwita kutoka nje mara tatu asisikie. Alitoka amevimba kichwa kwa furaha. Alikuwa ameshona magodoro tangu ujana wake, lakini yale ya kulaza sauti hakuwahi.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na mabinti wawili. Mmoja ni mwana wa fundi wa kumzaa, aliyekuwa na sauti nzito tangu mdogo, ndiyo maana wakamwita Besi. Wa pili ni mtoto wa marehemu dada yake fundi, ambaye hakupenda maneno mengi, wakamwita Kimya. Koo lao la sauti lilikuwa moja, koo la bibi yao mzaa baba wa mmoja na mzaa mama wa mwingine. Mama akiita jikoni, sauti ikajibu "Abee!" kutoka uani, ilimbidi aulize tena, "Abee ya nani?"

Wote wawili walikuwa wagonjwa wa rege, na ile nyingine ya mbio, dansiholi, ambayo mwimbaji hutema maneno kama anayegombana na jirani. Walikuwa na sahani tatu za santuri, na walichopenda ni upande wa pili, usiokuwa na mwimbaji, mapigo matupu. Wanaweka sindano, wanaanika nguo, wanaimba yao. Besi aliimba amefumba macho, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kimya aliimba ameyakodoa, kama anayechunga maziwa yasichemke yakamwagika. Fundi aliwacheka sana kwa hilo.

Wakatunga wimbo, wa dada anayemwambia mwanamume, niachie mkono wangu, nina safari. Nani alitunga mstari upi, wenyewe hawakujua. Mitambo akausikia kupitia dirishani, akasema, "Njooni alasiri, nina kanda yenye mapigo, imebaki nafasi ya sauti moja."

Sauti moja, ndiyo. Mashine yake ilikuwa hivyo: mapigo yamejaza kwingine kote, umebaki mstari mmoja wa kuimbia. Akiimba huyu, ukataka kumjaribu mwingine, unarudisha kanda nyuma na wa pili anaimba juu ya wa kwanza, anamfuta. Lakini ili mashine ikamate, lazima ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja, na hapo taa ndogo nyekundu huwaka mbele ya mwimbaji. Mitambo alikuwa na tabia ya kubonyeza kimoja tu. Taa isipowaka, umeimbia magodoro.

Siku hiyo Besi aliimba kwanza. Akafuata Kimya. Kabla hawajasikiliza, umeme ukakatika, na wasichana wakatumwa mafuta ya taa. Fundi alikuwa amekaa nje ya mlango ule ule, hatua tatu, anachambua pamba. Hakusikia kitu. Magodoro yake yalikuwa mazuri mno.

Mitambo akatoka mbio, mkono mmoja kanda, mkono mwingine kalamu ya wino mzito. Barabarani gari la kituo cha redio linanguruma, dereva anapiga honi, anataka kuondoka na kanda zote za wiki.

"Mzee, nisaidie! Niandike jina gani? Nilikuwa chini ya meza nakaza waya, sijui kama yule wa pili nilimbonyezea." Akaiweka kanda kwenye redio ya betri. "Sikiliza. Huyu nani?"

Fundi akasikiliza. Akasikia koo la mama yake. Honi ikalia. Hajui ni Besi wala ni Kimya, na kijana amemsimamia na kalamu.

"Huyo mwanangu," akasema.

Mitambo akaandika: DADA BESI.

Wiki ya pili wimbo ukasikika redioni, mchana, wasichana wakiwa kwenye kamba ya nguo. Besi aliruka mpaka kibanio kikamtoka. Kisha akasimama ghafla, akageuza sikio.

"Kimya, hivi huyu ni mimi?"

"Jina si limetajwa?" mama akajibu kutoka jikoni.

Kimya alikuwa anakamua shuka. Aliikamua mpaka haikuwa na tone. "Hongera, dada," akasema.

Basi ndivyo kazi ilivyoanza. Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Jumapili mchana, viwanja vya mpira, spika zimepangwa kama makabati, na wanaume kumi wanagombea kipaza sauti kimoja. "Mwanamke hatemi maneno, mwanamke anaitikia!" mmoja alimpigia kelele siku ya kwanza. Besi akamjibu palepale juu ya mapigo kwamba yeye ameitikia nyumbani kwao tangu azaliwe, leo wamwitikie wao. Uwanja ukalipuka. Wenye spika, ambao kila mmoja aliipa seti yake jina, wakaanza kumfuata nyumbani, kila mmoja anataka aimbiwe ule wimbo upya, jina la spika zake likitajwa ndani. Mama alilalamika kuhusu viatu vya kijeshi alivyovaa Besi. "Unaenda kuimba au kuteka mji?" Lakini alivipiga kiwi mwenyewe. Na kila alipokwenda Besi, Kimya alikuwa nyuma yake, anaitikia, macho yamekodoka.

Ilipita miaka tisa, au kumi. Fundi hakuhesabu. Siku moja Besi akaja asubuhi, akakaa juu ya gunia la sufi, hakusalimia vizuri. Kulikuwa na watu wanaotaka aimbe ule wimbo upya kwa mashine za kisasa, na Jumapili inayofuata aufungulie tamasha kubwa kuliko yote. Kwenye ubeti wa tatu, kwenye kanda ya zamani, kuna mahali sauti inashuka, inakaribia kucheka, halafu inapanda.

"Nimejaribu siku mbili, baba. Haitoki. Sijui kucheka hivyo."

"Umekua, mama. Sauti inakua."

"Viwanjani huwa naparuka pale, watu wanapiga kelele hawagundui. Ila mimi nagundua." Akamtazama. "Mitambo aliniambia jina ulilitoa wewe. Ulijuaje kuwa ni mimi?"

Fundi alitafuta ncha ya uzi akaikosa, na uzi ulikuwa mkononi.

"Sikujua," akasema mwishowe. "Nilisema tu. Dereva alikuwa anapiga honi."

Besi hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alisema taratibu kwamba Jumapili hapandi jukwaani, wala hatapanda tena popote, mpaka ajue. Watu wote wale walimwitikia kwa sababu ya kanda ile. Kama si yeye, basi amesimama miaka yote mahali pa mtu, na mtu mwenyewe yuko nyuma yake ameshika kiitikio.

Fundi akavaa kofia akaenda kwa Mitambo, ambaye sasa alikuwa na duka mjini na kitambi. "Mzee wangu," Mitambo akasema, "hata ukinichinja. Nilikuwa chini ya meza." Wakaisikiliza kanda pamoja, mara nne. Mara ya kwanza fundi alisema Besi. Mara ya pili, Kimya. Mara ya tatu alimsikia mama yake mzazi, wazi kabisa, na ya nne akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi Kimya alikuja kusaidia kujaza godoro la harusi ya jirani. Besi alikuwa amejilaza kwenye godoro jingine, uso ukutani. Hakuna aliyempa habari Kimya, lakini nyumba ndogo haina siri.

"Kaimbe, dada," akasema, huku anasukuma pamba ndani kwa ngumi. "Wimbo ni wako."

Besi akageuka. "Una hakika?"

"Niliwahi kukudanganya?"

Besi alifikiri sana, akakiri kwamba hapana. Akainuka, akaomba kiwi.

Na kweli Jumapili aliimba. Fundi alikaa pembeni ya jukwaa kwenye kiti cha plastiki, mkewe ubavuni. Ulipofika ubeti wa tatu Besi akafumba macho, akashuka, akacheka, akapanda, kama kanda. Au ni Kimya nyuma yake aliyecheka? Vipaza sauti vilikuwa viwili, spika zilikuwa zile zile. Fundi alimtazama Kimya. Alikuwa amekodoa macho kama zamani, hapepesi, anaona kila kitu kilicho mbele yake. Hapo ndipo fundi alipotulia kwenye kiti. Siku zote hizo alikuwa amemuuliza Mitambo aliyekuwa chini ya meza, na Besi aliyefumba macho, na kanda, na yeye mwenyewe; aliyekodoa macho hakumuuliza.

Besi aliendelea kuimba miaka mingi baada ya hapo. Fundi hakutaka aache tena, ndiyo maana hakuuliza mbele yake. Alimvizia Kimya peke yake, mara ya kwanza wakikunja nyaya siku ile ile, na mara nyingine nyingi baadaye, pamba ikiwa katikati yao. Kila mara Kimya alitabasamu, akaomba apewe shazia, akashona. Mpaka leo anapewa tabasamu lile lile, na mpaka leo fundi mzee anauliza: "Mwanangu, ulipokuwa unaimba alasiri ile, ile taa nyekundu iliwaka?"