Ufunguo wa Mkandarasi

Siku ya malipo mkandarasi hutembea na ufunguo wa gari mkononi, kama daktari na kipimo chake. Hapigi magoti, suruali isije ikachafuka. Huinama kiunoni tu, akagonga kigae, akafumba macho. "Kinalia tupu, ndugu yangu, chini saruji haikujaa," humwambia fundi wa vigae, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Kwa fundi rangi, ukuta una mawimbi. Kwa fundi bomba, kuna unyevu anaouona yeye peke yake. Wiki nzima kazi huwa safi. Ubovu huota siku ya malipo, na ujira hukatwa.

Leo alikuwa ameshakihukumu kigae cha mlangoni pale mama mwenye nyumba alipoingia. Mkandarasi hakusogea hata hatua. Alikigonga kilekile, kwa ufunguo uleule, uso ukamchanua. "Sikia hiyo, mama! Kimeshiba! Mafundi wangu hawa siwalei." Mama akaridhika, akamkabidhi bahasha, akaenda zake. Fundi, bado kapiga magoti, akangoja aone aibu itamshika wapi mtu yule. Thubutu! Mkandarasi aliisukuma bahasha mfukoni, akainama, akagonga tena, akafumba macho.

"Unasikia mwenyewe, ndugu yangu? Kinazidi kuwa tupu."