Siku Niliyofundisha "Visible" kwa Mashine ya Salfa

Jamani, aibu hii niliificha hata kwa mama yangu mzazi, lakini Ruangwa nzima wanaijua na sasa imeshafika kwetu Nachingwea, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe, mcheke, yaishe.

Nilikuwa najitolea kufundisha Kiingereza cha alasiri kwa wakulima wa Mbwemkuru, huko huko Ruangwa, watu wazima watupu, na siku hiyo alikuja Bi Editha, mama wa shirika lililotuletea vitabu, kunikagua: akiridhika napata mkataba wa mwaka mzima, asiporidhika narudi nyumbani kulishwa ugali na wazazi (na ndevu zote hizi).

Neno la siku lilikuwa visible. Ningeandika tu ubaoni kwamba ni kitu kinachoonekana wazi, nikatoa mfano, tukaendelea. Hapana, nikataka mbwembwe! Nikamwomba mwanafunzi wangu Mzee Mchopa alete ile mashine ya mgongoni ya kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga wa njano, nipulize vumbi kidogo kwenye mkorosho mchanga wa pale uwanjani tulipokuwa tunasomea, ili kabla ya vumbi mti uwe visible, baada ya vumbi usiwe visible. Mzee akaja nayo moja kwa moja kutoka shambani.

"Mwalimu, nipunguze kwanza dawa?"

"Acha tu, mzee wangu, mgeni ameshafika." (Hapo ndipo nilipojimaliza.)

Somo likaanza moto kweli kweli! Nikaonyesha mkorosho, "The tree is visible!", darasa likaitikia mpaka kuku wakakimbia, Bi Editha anatabasamu huku anaandika, mimi kichwa kimevimba. Nikabeba mashine, nikavuta kamba, injini ikanguruma, mara nikaona wanafunzi wangu wote wanainuka kimya kimya, akina mama wamejiziba pua kwa khanga, wanahamia nyuma yangu, nami nikadhani wanatafuta pa kuonea vizuri. Kumbe wenzangu, wakisikia tu ile injini, wanaangalia kwanza upepo unaelekea wapi! Aliyebaki upande wa pili, kwenye kiti cha heshima, kalamu mkononi, ni mgeni peke yake.

Nikafungulia. Lo! Wingu la njano likaupita mkorosho na kumfunika Bi Editha pamoja na kiti chake, nami natafuta pa kuizimia injini sipaoni (sikuwa nimewahi kuibeba mashine hiyo maishani), nahangaika, nazidi kumwaga.

Ndipo Bibi Somoe, ambaye miezi mitatu hajafungua mdomo darasani, akanyoosha kidole: "The visitor is not visible, mwalimu!"

Makofi! Nikabahatika kuizima mashine, nikaitua, nikajificha nyuma ya kale kamkorosho. Bi Editha akaibuka, njano kuanzia kope mpaka viatu, anakohoa, machozi yanamtiririka.

"Mwalimu yuko wapi?"

Wanafunzi wangu, niliowafundisha kwa jasho langu, wakanielekezea vidole kwa pamoja: "The teacher is visible!"

Walimnawisha macho, wakampa maji, akapata nafuu. Mkataba sikupata. Aliniambia hajaona darasa lililoelewa neno upesi namna ile, "lakini mwanangu, wanafunzi wako wote walijua kitakachotokea, na wewe hukumuuliza hata mmoja." Iliniuma sana, kwa sababu ni kweli. Sasa hivi kabla sijaanza somo lolote, nawauliza kwanza wanafunzi, na nikiona wanahama viti, nahama nao.