Maji ya Kuchezea

Nimejiaibisha. Marehemu mke wangu, Mama Hamisi, alichota maji ya shida, ndoo kwa ndoo, hapa Kitangari maisha yake yote. Alitamani kuyachezea siku moja, kwenye ile bustani ya mabwawa ya kuogelea huko Dar es Salaam. Juzi, baada ya kuuza korosho, nilipiga simu huko nikiwa dukani kwa jirani. Sisikii vizuri, nikaweka spika.

“Nataka kupunguza gharama. Maji tuje nayo?”

Binti aliyepokea simu akacheka. “Babu, maji yapo!”

“Ndoo ngapi kwa mtu?”

Duka zima likaangua kicheko, nami nikacheka.

“Mnakuja wangapi, babu?”

“Wawili. Mimi na Mama Hamisi.”

Kicheko kikakatika. Jirani akanishika bega. “Baba Hamisi, si tulimzika?”

Binti bado anauliza: “Haloo? Niwaandike wawili?”