Mwezi Ambao Dereva Alikaa Nyumbani

Kilichomtia shaka kwanza ni mto.

Mume wake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa yao alikuwa akija na mfuko mmoja wa nguo chafu, na siku ya nne anaondoka nao, nguo zikiwa safi. Mto wake wa kulalia, birika na blanketi havikuwahi kushuka kwenye lori. Jumatatu ile, shule zikiwa zimefungwa tangu Ijumaa, alishuka navyo vyote, akavipanga sebuleni na kusema, "Nimechukua likizo. Mwezi mzima. Nataka nikae na watoto."

"Mwezi mzima," mkewe akarudia, akiwa amebana pini nne midomoni.

Majirani walimwita Mama Pacha, kwa ajili ya wavulana wake wawili wa miaka saba, Kulwa na Doto, ingawa walitanguliwa na dada yao wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na likizo ya watoto ndiyo ilikuwa msimu wake wa kazi. Kazi hiyo ilimfundisha kutoamini upande wa nje wa nguo. Ukimletea gauni, huligeuza kwanza atazame mishono ya ndani. Sasa akaanza kumgeuza mume.

Siku ya pili dereva aliwasimamisha watoto kwenye fremu ya mlango, akachora urefu wao kwa penseli. Siku ya tatu aliwafundisha pacha kuendesha baiskeli ya kuazima. Mmoja akarudi goti limechunika, na baba mtu akalipiga picha hilo goti. Siku ya nne Mama Pacha alimkuta chumbani na simu mkononi, anarekodi watoto wakicheka. Na kila mara alikuwa akitoa kijidaftari kwenye mfuko wa shati, anaandika kitu, kisha anakirudisha haraka akimwona mkewe.

"Unaandika nini?"

"Mambo yangu tu."

Mambo yake! Tangu lini huyu akawa na mambo yake?

Akampelekea habari dada yake mkubwa, aliyekuwa na duka la vipodozi mlango wa pili.

"Mdogo wangu, hapa kuna namna," dada akasema, bila hata kuweka chini chupa aliyokuwa akiifuta. "Mwanaume hakusanyi vicheko vya watoto bure. Ama kuna nyumba nyingine anataka kuhamia, ama daktari kamwambia neno."

"Usinitie presha, dada."

"Nakufungua macho. Jana alikula?"

"Sahani mbili."

"Basi si daktari," dada akakata shauri. "Ni nyumba nyingine."

Tangu hapo Mama Pacha hakushona mstari ulionyooka. Alinusa mashati ya mumewe, yalinuka dizeli. Alipekua mkoba wake, akakuta dawa ya kuchua mgongo. Aliwaita pacha, akawauliza kwa sauti ya asali, "Hivi baba huwa anawauliza nini?"

"Anatuuliza tunapenda nini," akajibu mmoja.

"Na tunaogopa nini," akaongeza mwenzake. "Halafu anaandika."

Akampigia simu mama mkwe, akajifanya anamsalimu tu. Mama mkwe akamwambia kuwa mwanawe naye alipiga juzi, akauliza yeye alikuwa mtoto wa namna gani utotoni, na marehemu baba yake alikuwa akicheza naye michezo gani.

"Mkwe wangu," bibi akasema taratibu, "huyu mtoto ni mzima?"

"Mzima, mama." Lakini hakuna aliyekata simu, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme analolijua.

Wiki ya pili, saa tano asubuhi, dereva aliwapeleka watoto uwanjani kucheza mpira, akasahau shati lake juu ya kiti. Mama Pacha alilitazama kwa muda wa kukunja suruali mbili. Halafu akalichukua. Alijua anafanya kosa, akafunga kwanza mlango wa mbele.

Ndani ya kijidaftari kulikuwa na mwandiko mkubwa wa mtu asiyezoea kuandika. "Mkubwa haogopi giza, anaogopa mbwa. Kulwa hali vitunguu. Doto anaongea usingizini. Mkubwa anataka kuwa rubani, usicheke." Kurasa sita za namna hiyo. Katikati palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ina doa la siagi, na mwandiko wake ni wa binti yao. Ilikuwa insha ya shule: "Baba Yangu."

"Baba yangu ni dereva. Akija tunaoga mapema na kukaa vizuri kama siku ya mgeni. Anatuuliza tuko darasa la ngapi. Akiondoka tunawasha redio." Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nane kwa kumi. Eleza zaidi kuhusu baba."

Alikuwa bado ameishika insha, mlango ulipogongwa. Akafungua. Watoto wakapita mbio kwenda kunawa. Dereva akasimama pale pale, akitazama karatasi.

"Umeipata wapi hii?" mkewe akauliza.

"Wewe ndiye uliyenipa. Ulinifungia mkate kwa kurasa za madaftari ya zamani. Nilikuwa mpakani, foleni haisogei, nikafungua nile." Akaigusa ile karatasi kwa kidole. "Sikula."

Roho ya Mama Pacha ilitua. Hakuna nyumba nyingine, hakuna daktari. Lakini mara tu ilipotua, kitu kingine kikapanda, naye hakukitarajia.

"Na mimi je?" akasema. "Mimi nimekuwa hapa kila siku. Nimewalaza, nimewaamsha, nimewapeleka sindano wakinililia. Wewe unakuja mwezi mmoja na baiskeli ya watu, unakuwa sherehe. Wakikua watakumbuka goti. Mimi watanikumbuka kwa lipi? Kelele za cherehani?"

Dereva alitazama rundo la sketi kwenye meza. "Zimebaki ngapi?"

"Sitini na mbili. Kwa nini?"

"Tukizimaliza mapema, Ijumaa utafunga kazi, utoke nasi."

"Unataka nini hasa?" akauliza, kwa sababu shaka yake haikuwa ya kufa mara moja.

Kesho yake wote watano walihamia chumba cha mbele. Dereva alipiga pasi, binti akashona vifungo, pacha wakakata nyuzi. Sketi mbili zilishonwa mifuko ikazibwa kabisa, na moja ikaungua. Mama Pacha aliguna, akafumua, akagombeza, na mara mbili akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Ijumaa walikwenda kwa miguu mpaka mtoni. Mvua iliwakuta njiani kurudi, wakajibanza ndani ya nyumba tupu isiyoezekwa vizuri, maji yakiwadondokea kila walipohamia. Ili pacha wasilie kwa baridi, Mama Pacha akawaonyesha dansi ya ujanani mwake, viatu mkononi. Binti yake alimkodolea macho kama anayemwona mtu kwa mara ya kwanza. "Mama," akasema, "kumbe unajua!" Kisha akaingia kucheza naye.

Mwezi ulipokwisha dereva alirudi barabarani. Likizo iliyofuata alileta habari kuwa safari hii kampuni imempa wiki mbili tu. Mama Pacha akamwitikia vizuri, akamwandalia maji ya kuoga. Mumewe alipoingia bafuni, yeye akampigia simu bosi wa kampuni kuhakikisha.

Zilikuwa wiki mbili kweli.