Nusu ya Juu ya Picha

Baba hakuwa mtu wa kugeuka nyuma. Alikuwa mpishi wa meli, na kila likizo yake ya Msambweni ilipokwisha alichukua begi, akaaga, akashika njia ya barabarani bila kutupa jicho nyuma hata mara moja. Alisema kutazama nyuma kunaharibu safari. Mama alibaki mlangoni akiangalia mgongo wake mpaka ulipopotea. Jambo hilo liliniudhi tangu utotoni, na mpaka leo linaniudhi.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea mwisho, baba alikuwa ameacha meli na kupata kazi katika mji mmoja wa bandari huko Ujerumani. Huko ndiko alikofia, na huko ndiko alikozikwa. Habari ilitufikia kwa barua pepe, kwenye kompyuta ndogo ya ofisi nilimokuwa nikifanya kazi, kwenye nyumba za wageni kule Galu. Aliyeandika alikuwa rafiki yake, mtu wa Mkwiro aliyeishi mji uleule. Alimwombea marehemu kwa maneno mazuri, kisha, ili kututuliza, akaongeza kwamba wamemzika katika sehemu ya Waislamu na wamemwelekeza kusini-mashariki, inavyotakiwa.

Nilimsomea mama neno kwa neno.

"Kusini?" aliuliza.

Kwetu pwani kibla ni kaskazini. Misikiti yetu imeangalia huko, wafu wetu wameelekezwa huko, na mtu akikwambia nyumba fulani iko upande wa kibla unajua uende wapi. Nilimweleza mama kwamba Ujerumani iko mbali sana, imeipita Makka, kwa hiyo aliye kule lazima aielekee kwa kushuka kusini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mwanangu," alisema.

Namjua mama. Ile "haya" ilikuwa ya kunifunga mdomo. Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka. Alikaa akisuka ukili wa mkeka, na katikati ya kusuka mikono ilisimama. Mumewe amelazwa kinyume, ameipa kibla mgongo, na hakuna wa kumgeuza: hilo ndilo lililokuwa likimla. Hatimaye akasema anataka kuliona kaburi lenyewe.

Nikamwandikia rafiki wa baba, naye akatuma picha kwa posta, lakini haikufika. Ndipo akamwomba mwanawe aiweke picha kwenye mtandao, wakanitumia anwani ya kuifungulia. Lakini mama alikuwa akikaa eda ya kufiwa, haruhusiwi kutoka nyumbani, kwa hiyo ilibidi mtandao umfuate. Mkubwa wangu kazini aliniazima ile kompyuta ya ofisi. Jirani yetu, mama wa Kikristo aliyekuja kutoka bara kulima, alikuwa na simu. Alipitisha waya wake dirishani, juu ya ua, mpaka chumbani kwa mama.

"Mama, usijali," alimwambia. "Hiyo line utumie mpaka utosheke."

Kompyuta ile ilishika mtandao kwa kadi ya modemu, kitu chembamba kilichochomekwa ubavuni. Ilikuwa kadi ya zamani. Kwenda polepole ningeivumilia. Tatizo lilikuwa kwamba laini zetu za simu, kwa chumvi na unyevu, zilikuwa zikikwaruza, na kadi ile haikujua kupunguza mwendo ikasubiri. Ikisikia mkwaruzo, inakata.

Picha ilianza kushuka kutoka juu, mstari baada ya mstari. Ikaja mbingu ya kijivu. Vikaja vilele vya miti isiyo na jani hata moja. Kisha kimya.

"Miti yao imekufa?" mama aliuliza.

"Ni baridi, mama. Itachipua."

Nikapiga tena. Mbingu, miti, kimya. Tulifanya hivyo asubuhi nyingi, na ardhi hatukuiona. Mama alifika mahali akayajua matawi yale kama anavyoijua minazi ya nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nikiichukia ile kadi kwa chuki ambayo mtu hapaswi kuwa nayo kwa kipande cha bati.

Mwishowe nikaibeba kompyuta mpaka Mombasa kwa fundi. Kadi mpya kabisa ilikataa kuingia. Kompyuta ilikuwa kuukuu mno kwa kadi za aina ile. Fundi akatafuta nyingine iliyokwisha kutumika, yenye kasi kuliko yetu na, alivyosema, yenye subira: laini ikichafuka inapunguza mwendo, haikati. Alipotaka kuijaribu kwa picha yangu, hata kunitolea kwenye karatasi, nilikataa. Kaburi la baba halikuwa kitu cha kutazamwa kwanza na watu wa dukani. Nikamwambia ajaribu ukurasa mwingine wowote.

Kesho yake jirani alipitisha waya, akaingia akaketi nasi. Ikaja mbingu, ikaja miti. Laini ikakwaruza, picha ikasimama, nami nikashika ukingo wa kitanda. Kisha ikaendelea.

Iliteremka njia nyoofu ya kokoto, na kando yake makaburi ya watu wa kule, yamepangwa sawasawa na njia. Baadaye kidogo, ardhi mbichi, na kibao chenye jina la baba. Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mbona haya ya huku yamelala mshazari?"

Ni kweli. La baba na yale yaliyokuwa karibu nalo hayakufuata njia. Yote yalikuwa yameikata kwa pembe moja, kana kwamba njia haikuwahusu.

"Haya ni ya Waislamu," nilisema. "Wameiacha njia wakafuata kibla."

Mama akachukua kikombe cha kahawa akakiweka katikati ya mkeka. "Makka," alisema. Akaweka kipande cha ukili upande wake wa chini: yeye, Msambweni. Akaweka kingine juu, upande wa kushoto: baba. Akavielekeza vyote viwili kwenye kikombe, akavitazama kwa muda mrefu. Kwa ramani halisi havingekabiliana sawasawa, lakini sikumsahihisha.

"Mimi naangalia huku," alisema, "na yeye anaangalia huku."

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote nimeangalia mgongo wake." Aligusa kile kipande cha juu kwa kidole. "Leo ndiyo ameugeuza uso kwangu, nami siwezi kumwona."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu habari ifike. Jirani alimshika mabega. Mimi nilibaki na kompyuta magotini, laini ikikwaruza, na kadi haikukata.