Breki Zisizotaka Kuguswa

Mume wangu alipopofuka kwa presha ya macho, kitu cha kwanza alichoniomba hakikuwa fimbo. Aliomba baiskeli. Nikamwambia baba watoto, sasa umeanza utani. Hakuwa na utani. Kabla ya kuja kusoma huku ughaibuni alikuwa fundi baiskeli Shinyanga, na hata alipopata kazi ya ofisini kule Plymouth, Jumamosi zake zote ziliishia gerejini kwetu, mikono myeusi mpaka viwikoni. Basi tukanunua ya watu wawili, iliyokwishatumika. Mimi mbele, yeye nyuma.

Watanzania wenzetu kanisani hucheka wakituona. Wanasema mama huyu hajamwachia mumewe hata usukani wa baiskeli. Waseme tu. Mimi naelekeza, nabadili gia, nafunga breki. Yeye anapiga pedali na kusimulia. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba barabara ni yangu na matengenezo ni yake. Mimi ni muuguzi, vyuma sivijui na sikuwahi kutaka kuvijua.

Na matengenezo aliyaweza. Alikuwa akiigeuza baiskeli magurudumu juu, kisha anaipitia kwa vidole: mnyororo, waya, pedi za breki, halafu diski, ile sahani ya chuma katikati ya gurudumu ambayo pedi huibana ili baiskeli isimame. Diski aliipenda kuliko vyote, maana alikotoka breki zilikuwa fito za chuma na vipande vya raba. Aliizungusha polepole, kidole cha shahada kikiigusa kwa mbali, akitafuta kama imepinda. Mimi nilisimama mlangoni na chai yangu nikimtazama, na roho yangu ilitulia. Mle gerejini hakuwa mgonjwa wa mtu.

Kiangazi hiki breki zikaanza kupiga kelele kama mbuzi anayepelekwa machinjoni. Akasafisha diski kwa spiriti, akabadilisha pedi, akakaza waya. Zikanyamaza kidogo, kisha zikarudia kelele zake, na safari hii zililia bila kushika. Akasafisha tena, akanunua pedi nyingine. Nilimsikia akijisemea peke yake kwa Kisukuma, jambo ambalo hulifanya akiwa amekasirika kweli.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa tukiteremka kuelekea mtoni, upande wa Inver Grove Heights. Nikabana breki mpaka vidole vikaniuma, na baiskeli ikaendelea na safari yake.

“Funga breki, mama,” akasema nyuma yangu, kwa utaratibu kabisa.

“Nimefunga.”

Nikaiingiza baiskeli kwenye majani, nikaburuza viatu vyangu vya kanisani, tukaanguka ubavu. Hatukuumia zaidi ya magoti. Lakini nilipogeuka kumtazama, nilikuta amefumba macho kwa nguvu, yeye asiyeona.

Asubuhi iliyofuata nikampaka mafuta ya mgando mikononi, kama kila siku. Hewa ya huku inapasua ngozi, na mtu wa kwetu hatoki mbele za watu na mikono iliyopauka. Tangu apofuke, kumpaka ni kazi yangu, na sifichi, naipenda. Alipotoka mikononi mwangu alikwenda moja kwa moja gerejini kuweka pedi mpya na kuifuta diski. Nikamfuata na chai. Mlango ulikuwa wazi, jua limeipiga ile sahani, na alikuwa amefikia kuikagua. Kila kidole chake kilipopita palibaki alama ndogo ya mafuta inayong'aa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikinyamaza, mteremko utatuua. Nikisema, namnyang'anya kitu kimoja alichobaki nacho. Nikampigia binti yetu aliyeko Maple Grove, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, akaniambia mbona ni jambo dogo, mnunulie glavu. Nilimkasirikia, kisha nikaenda kuchukua glavu za kazini kwangu.

“Baba, vaa hizi ukishika diski,” nikasema. “Mkono una mafuta, na penye mafuta pedi zinateleza.”

Akazivaa. Akaizungusha diski, akaigusa, akaigusa tena, akazivua taratibu.

“Ukinivalisha hizi umenipofusha mara ya pili.”

“Basi nitaacha kukupaka.”

“Hata usiponipaka, ngozi ina mafuta yake.” Akasugua ncha za vidole kwa kidole gumba. “Kumbe ni mimi.”

Nilitaka kumwambia si wewe, ni mimi niliyekupaka, ni hali ya hewa, ni aliyebuni breki zisizotaka kuguswa. Kazini nimekaa na watu wengi wanaopewa habari mbaya na sijawahi kukosa neno, lakini kwa huyu wangu nilikosa.

Akaifuta diski kwa spiriti, akaweka pedi nyingine, akavuta kigoda na kuketi, mikono ameibana katikati ya magoti.

“Zungusha gurudumu wewe. Diski inapita katikati ya pedi, au inayumba?”

Nikainama. Niliona chuma kinazunguka, basi; kama kimepinda sikuweza kujua. Nilitazama kwa karibu, nikatazama kwa mbali, machozi yakanijia nikayafuta kwa bega nisije nikadondosha hata hayo juu ya diski. Mimi mwenyewe mshipa wa mgonjwa huutafuta kwa kidole, macho siyaamini.

“Imenyooka?” akauliza.

“Imenyooka.”

Nilimngoja abishe. Miaka yote ya ndoa hajawahi kukubali neno langu hata moja kuhusu chuma. Akainuka, akapapasa ukuta mpaka akaipata helmeti yake, akaivaa na kuifunga kidevuni.

“Haya, twende,” akasema. “Mpaka mtoni.”